Laini ya Stoo

Watu wakisikia fulani anafanya kazi redioni, macho yanawatoka. Wanadhani anakula meza moja na wakubwa. Haya, Dada wa Simu alikuwa anafanya kazi redioni, tena kwenye kipindi kinachosikilizwa kuliko vyote, na viatu vyake vilikuwa vimeshonwa na fundi wa kona hadi fundi mwenyewe akamwambia, dada, hapa sasa nashona uzi juu ya uzi, ngozi imekwisha. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea simu. Mkataba wake ulikuwa wa mwezi mmoja mmoja. Kila mwisho wa mwezi aliitwa ofisini kuambiwa kama bado yupo, na hakuthubutu kuugua, maana wasichana wanaojua kusema haloo ni wengi.

Kipindi kiliitwa Uwanja ni Wako. Kila jioni mtangazaji analeta hoja, analeta na mheshimiwa mmoja wa kuipigania, halafu wananchi wanapiga simu kutoa maoni yao. Dada wa Simu alikaa chumba cha pembeni, kioo kikimtenga na studio, na mbele yake meza ya vitufe. Yeye ndiye anayemwuliza mpiga simu jina lake na anataka kusema nini. Yeye ndiye anayemwambia atoke penye redio, maana ukipiga simu huku redio inalia karibu yako, unatokea mluzi wa kutoboa masikio. Kisha anabonyeza kitufe kimoja kati ya viwili. Cha kijani kinampeleka mtu hewani. Cha njano kinampeleka stoo.

Stoo ni jina walilolitunga wenyewe. Laini ya stoo haiendi popote. Ilianza kwa ajili ya walevi na watukanaji, kwa sababu ukimkatia mlevi simu atakupigia tena na tena hadi kipindi kiishe, lakini ukimwacha atapike yake ya moyoni, anatulia. Basi wakarekodi sauti ya mtangazaji ikisema, "Karibu msikilizaji, uko hewani, tunakusikia," na nyingine ya kumalizia, "Ahsante sana kwa maoni yako." Mtu anahutubia hewa tupu, anashukuriwa, anakata simu akiwa ameridhika. Atajuaje, na redio yake ameiacha ndani? Pale kazini walikuwa wakicheka hadi machozi. Dada wa Simu naye alikuwa akicheka, mpaka siku alipomweka stoo baba yake mzazi.

Baba yake alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nyuzi, enzi kiwanda kilipokuwepo. Mashine zilipouzwa vyuma chakavu, wenzake walibaki na stahiki za kubishania na yeye alibaki na jina, Fundi Nyuzi, na kwa jina hilo alikuwa akipiga simu redioni. Pale redioni hakuna aliyejua kwamba ni baba yake. Walikubaliana wawili hao tangu mwanzo, ili watu wasije wakasema binti anampendelea mzee wake. Kwenye simu mzee alikuwa akisema, "Dada, naomba nafasi," na yeye akijibu, "Subiri, mzee wangu," wote sauti zimewakauka utadhani hawajawahi kuonana. Nyumbani mzee anamwita mama, anamtania: leo ulinisubirisha sana, mama, ungekuwa wangu ningekuchapa.

Na alikuwa anajua kusema, mzee yule. Si kwa kelele. Alikuwa akisema, zamani nyapara alikuwa na uso. Ukimwudhi, unajua umemwudhi, unamfuata kwake jioni unamwomba radhi, yanakwisha. Siku hizi nyapara ni simu. Inakuita, inakutuma, inakupa nyota, inakunyang'anya nyota, na siku ikikufukuza huna wa kumwomba radhi. Sasa hiyo ni kazi, alikuwa akiuliza, au ni kubahatisha? Wasikilizaji walimpenda. Kuna waliokuwa wanapiga simu kusema wao hawana la kuongeza, wanaunga mkono ya Fundi Nyuzi.

Ndipo ikaja ile kampuni ya vibarua vya simu, ikawa mdhamini wa kipindi. Vijana wa mji mzima walikuwa wanaiamkia hiyo: unalala na simu kifuani, asubuhi inakwambia leo kapakue saruji mahali fulani, kesho kafagie mahali fulani. Na bungeni ulikuwa unakwenda mswada wa kuwatangaza vijana hao kuwa si wafanyakazi bali wafanyabiashara, kila mmoja na biashara yake. Wafanyabiashara wa nini, jamani? Wa mgongo wao. Lakini ukiwa mfanyabiashara huna likizo, huna matibabu, na ukianguka umeanguka peke yako. Kampuni ilikuwa inautaka mswada ule kuliko chakula.

Bosi wa vipindi akamwita Dada wa Simu. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hao ndio wabaya zaidi. Akasema, yule mzee wa nyuzi tumpumzishe kidogo. Dada wa Simu akauliza, nimwambie nini akipiga? Bosi akashangaa: umwambie ya nini? Si stoo ipo?

Angeweza kumwambia baba yake. Hilo alijiuliza mwenyewe mara nyingi baadaye. Angerudi nyumbani akasema, baba, wamekupiga marufuku. Lakini jioni ile mzee alikuwa amejiandaa, amevaa shati lake la kola, ameshuka uani penye tangi la maji ambapo simu inashika vizuri, na alipopiga sauti yake ilikuwa na uhai ambao nyumbani hawakuusikia siku nyingine. Dada wa Simu alimwonea huruma. Akabonyeza cha njano, akisema moyoni ni leo tu. Baada ya hapo kila jioni ilikuwa leo tu.

Mama yake aligundua siku ile ile, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki ndani na redio. Alimsubiri binti yake mlangoni, akamtazama, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kwa sababu ya kazi. Binti akaitikia kwa kichwa. Mzee aliporudi kutoka uani akauliza, vipi, nimesikika? Mama akasema umesikika vizuri sana, mume wangu, huku anapanguza meza ambayo alikuwa ameshaipanguza. Majirani hawakuwa tatizo, wengi walikuwa na televisheni zao. Mmoja alimsimamisha mzee njiani akamwambia siku hizi hatukusikii, na mzee akamjibu akanunue redio ya maana.

Sasa sikia kilichokuja kuharibu. Mzee alikuwa na rafiki, Spana, walikaa mashine jirani kiwandani tangu wote wawili hawajaoa. Wamekopeshana hadi nguo za harusi. Mtoto wa Spana alikuwa kwenye ile kampuni ya vibarua. Siku moja alipanda lori kupakua saruji, ubao ukakatika, akaanguka na mguu ukavunjika. Akiwa bado yuko chini, simu ikalia. Alidhani ni mtu anamjulia hali. Ulikuwa ujumbe: kazi haikukamilika, nyota zako zimeondolewa. Kesho yake namba yake ilikuwa imefungwa. Spana alizunguka kutafuta ofisi ya kampuni ili aseme na mtu, na akaambiwa ofisi iko ndani ya simu.

Akaja kwa rafiki yake. Akamwambia, ndugu yangu, mimi sina ulimi, wewe unao, nisemee. Fundi Nyuzi akamwahidi kwamba siku ya mjadala wa mswada atamsemea mbele ya nchi nzima. Akawaalika wenzao wote wa kiwandani waliobaki, waje wasikilizie nyumbani kwake. Asubuhi ya siku hiyo alimwambia binti yake, kwa mara ya kwanza tangu aanze kupiga simu, "Mama, sijawahi kukuomba upendeleo. Leo nakuomba. Nipe nafasi ya mwanzo."

Dada wa Simu alikwenda kazini akiwa ameshaamua. Liwalo na liwe. Atabonyeza cha kijani, baba atasema, na wakimfukuza atafukuzwa akiwa mtu. Njia nzima alikuwa akijipigia hesabu ya maisha bila ile kazi: dawa za presha za mama, chumba, mdogo wake aliye chuoni. Kila alipofika kwa mama alikuwa anaanza hesabu upya. Hata hivyo alifika ofisini hajabadilisha nia, na kwa hilo mpeni haki yake.

Alipoingia chumbani kwake akamkuta bosi amekaa kwenye kiti cha pembeni. Na kando ya bosi alikuwa amesimama yule msanii wa tangazo la dawa ya mgongo, anayejua kuigiza sauti za wazee. Kila mtu alikuwa anaijua ile sauti inayolalamika kiuno. Ila leo hakuwa analalamika. Alikuwa anasikiliza rekodi za zamani za Fundi Nyuzi, anajaribu kikohozi chake.

Bosi akaeleza kwa haraka, macho yakiwa kwenye karatasi. Wasikilizaji wanamwulizia mzee. Mdhamini naye anasema si vibaya mzee akisikika, mradi awe amebadilika, mtu si hubadilika? Basi huyu bwana ataingia chumba cha pili apige kutoka huko. Mzee mwenyewe akipiga, aende stoo kama kawaida. Dada wa Simu akasema mzee yule ana watu wanaomfahamu. Bosi akasema sauti ya simu ni sauti ya simu, nani atajua. Kisha, bila ukali wowote, akamkumbusha kwamba mwezi unaisha.

Muziki wa kipindi ukapigwa. Mheshimiwa akaanza kusifia mswada. Taa ya laini ya kwanza ikawaka, na Dada wa Simu akapokea.

"Dada, nimeshatoka penye redio," sauti ya baba yake ilisema. "Niko tayari."

Kidole kilikuwa juu ya kijani. Bosi alikuwa nyuma yake, anamsikia anavyopumua. Sekunde hiyo ilikuwa yake peke yake, hakuna wa kumlaumu na hakuna wa kumsaidia. Akasema, "Subiri, mzee wangu," akabonyeza cha njano. Halafu akabonyeza cha kijani kwa yule bwana wa dawa ya mgongo, na mtangazaji akatangaza kwa furaha, jamani jamani, amerudi kipenzi chenu, Fundi Nyuzi, uwanja ni wako.

Sikio la kulia lilikuwa na kifaa cha stoo. La kushoto lilikuwa na hewani. Hakuna binadamu anayestahili kusikia alichokisikia yule binti jioni ile.

Kulia baba yake alikuwa anasema juu ya mtoto wa Spana. Hakumtaja jina. Alisema kuna kijana alikuwa chini ya lori, mfupa umetoka nje, na aliyempigia wa kwanza ni tajiri yake, na alipiga kumnyang'anya nyota. Akasema, waheshimiwa, mtu akivunjika mguu kazini kwenu mnamwita mfanyabiashara aliyepata hasara. Kushoto sauti ile ile ya kizee, na kikohozi kile kile, ilikuwa inasema, mimi Fundi Nyuzi nimefikiri sana nikaona nilikosea, vijana wa leo ni wavivu, wanataka kubembelezwa, na anayeanguka kwenye lori ni mzembe tu, enzi zetu kiwandani nani alianguka? Kulia baba yake akasema, mimi nina binti. Ana kazi nzuri ya ofisini, watu wanamwonea wivu. Homa ikimpanda anameza vidonge anakwenda, kwa sababu kazi yake ni ya mwezi mmoja na mwezi hauna huruma. Nikimwona anatoka mlangoni asubuhi, najiuliza tulipigania nini sisi.

Dada wa Simu aliyafuta machozi kwa kiganja, bosi akadhani ni mafua. Kushoto mtangazaji akamshukuru Fundi Nyuzi kwa uungwana wa kukiri kosa. Kulia mzee akamaliza, na ilibidi yeye mwenyewe abonyeze ile rekodi. Ahsante sana kwa maoni yako. Mzee akaijibu rekodi, ahsanteni na nyinyi kwa kunisikiliza, Mwenyezi awazidishie.

Alipofika nyumbani giza lilikuwa halijaingia sawasawa. Mezani vikombe vya chai vilikuwa vimejaa na vimepoa, hakuna aliyevigusa, na mama yake alikuwa anavikusanya kimoja kimoja. Akamsimulia kwa kunong'ona. Wanaume wale walikuwa wamekaa kuzunguka redio, na kupitia dirishani walikuwa wanamwona mzee penye tangi, mdomo unakwenda, mkono unapunga. Wamwone anasema, waisikie sauti inasema, wangejuaje? Spana alikuwa wa kwanza kusimama. Mzee aliporudi ndani uso unang'aa, anauliza vipi wazee wangu, nimesikika, Spana alimwambia jambo moja tu, kikulacho ki nguoni mwako. Wakatoka wote. Mmoja alitema mate pale mlangoni.

"Mimi nilijua si yeye kabla hajamaliza salamu," mama alisema. "Nikataka niseme. Nikakufikiria wewe, ulimi ukanata."

Mzee alikuwa amerudi uani, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, shati lake la kola amelifungua vifungo. Simu iko gotini. Binti yake akachuchumaa karibu yake.

"Mama, wewe ulikuwepo kule redioni," mzee alisema. "Leo nilisema nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, kitufe cha njano, rekodi, walevi, yule bwana wa dawa ya mgongo. Mzee alikuwa anasikiliza kama alivyokuwa akisikiliza mashine zamani, ameinamisha kichwa upande mmoja. Akauliza tangu lini. Tangu mdhamini alipokuja. Akauliza, hata siku ile niliyosema habari za kiwanda, nikalia? Hata siku ile. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akauliza kama yeye alikuwa anamsikia. Binti akasema alikuwa anamsikia neno kwa neno, kila jioni.

"Nisamehe, baba. Kesho alfajiri nakwenda kwa Spana. Nitamweleza mwenyewe."

Mzee alikuwa anaifuta simu kwenye suruali, anaitazama, anaifuta tena.

"Spana akijua si wewe uliyesema, atanyamaza?" binti akajiuliza kwa sauti, na jibu alikuwa nalo. Spana mwenye mtoto kitandani? Angefika pale redioni kabla jua halijachomoza, angepiga kelele getini hadi nchi nzima ijue habari za stoo.

"Hawezi kunyamaza," mzee alisema. "Wala mimi nisingenyamaza. Na kazi yako?"

Ndani mama alikuwa anakohoa, anamwaga chai baridi kwenye karo.

"Basi nilisema," mzee akasema.

"Baba."

"Nilisema, mama. Watu wazima wameniona kwa macho yao." Akainuka kwa kushika tangi. "Usiende kwa Spana."

Wala hakwenda. Hapo ndipo pa kuumiza, kwamba hakwenda. Alilala na nia ya kwenda na akaamka na nia ya kwenda, akapita njia nyingine. Mswada ukapita. Mwisho wa mwezi aliitwa ofisini akaambiwa bado yupo, na bosi akamjulisha kwamba Fundi Nyuzi sasa atakuwa na dakika zake maalumu kila wiki, mdhamini amefurahi. Mtaani Spana na mzee walikuwa wakikutana, maana njia ni moja. Mzee anatoa salamu. Spana anaitikia akitazama mbele, mtoto wake anachechemea nyuma yake na gongo.

Shati la kola lilifuliwa likakunjwa likawekwa chini ya sanduku. Mzee hakushuka tena uani. Ila jioni moja, muda wa kipindi ulipokaribia, mama yake Dada wa Simu aliona mzee anavuta kiti chake hadi penye redio, karibu kabisa, mahali ambapo miaka yote hakuwahi kukaa wakati wa kipindi. Akamwuliza anataka nini.

"Hebu washa," mzee alisema. "Nisikie leo nasema nini."